Manute Bol: aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga

BURGAO – Chombo kinapongoja maji yajae ndipo kitoke kuelekea Ras Kamboni, Kiunga na Lamu, mabaharia na wafanyabiashara huwa na muda wa kubishana. Zamani ubishi ulikuwa wa soka peke yake. Sasa simu zimeleta pia mpira wa kikapu wa Marekani, na swali linalorudi kila mara ni hili: mchezaji anayefunga pointi 30 kila usiku, na timu yake ikashindwa kila usiku, ana faida gani? Wapo wanaoapa kwamba mfungaji ndiye timu. Wapo wanaosema mfungaji wa namna hiyo ni sawa na duka lililojaa wateja huku mwenyewe akilala na madeni.

Kikapu si mchezo mgeni katika nchi hii. Mwaka 1981 mashindano ya mataifa ya Afrika yalichezwa Mogadishu, na Somalia ikashika nafasi ya tatu barani. Basi ubishi huu una wenyewe. Lakini anayetaka kuupima vizuri asianze na wafungaji. Aanze na mtu wa kanda yetu hii ambaye karibu hakufunga kabisa, na bado timu nne za ligi ya NBA zilimlipa kwa miaka kumi. Mtu huyo ni Manute Bol wa Sudan Kusini, aliyefariki mwaka 2010.

Katika mechi 624 za NBA, Manute alifunga pointi 1,599. Mitupo ya wapinzani aliyoizuia kwa mkono wake ni 2,086. Hakuna mchezaji mwingine mwenye maisha marefu katika ligi hiyo ambaye mitupo aliyozuia inazidi pointi alizofunga.

Nyaraka zinasema alizaliwa Oktoba 16, 1962, katika eneo la Turalei, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, jirani yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe hiyo iliandikwa baadaye na haina uhakika, jambo ambalo halitamshangaza msomaji yeyote aliyewahi kujaza fomu mpakani kwa niaba ya mzee wake. Alikuwa Mdinka, mtoto wa wafugaji, na urefu ulikuwa wa ukoo. Mama yake alikuwa na futi 6 na inchi 10, baba yake futi 6 na inchi 8. Yeye mwenyewe alifika futi 7 na inchi 7, yaani mita 2.31. Utotoni alichunga ng'ombe, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa soka, mpaka urefu ukamtoa uwanjani.

Kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa, kule Wau na kisha Khartoum. Inasimuliwa kwamba alipojaribu kwa mara ya kwanza kuusokomeza mpira kikapuni, meno yake yalinasa kwenye wavu na mengine yakang'oka. Hakuacha. Akaichezea timu ya taifa ya Sudan, na mwaka 1982 kocha Mmarekani, Don Feeley, aliyekwenda Khartoum kufundisha, alimwona na kumshawishi avuke bahari.

Safari hiyo ilianza kwa vikwazo ambavyo mfanyabiashara wa mpakani anavijua. Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ilimchagua, lakini ligi ikakataa usajili wake. Pasi yake ya kusafiria nayo ilikuwa kichekesho: urefu ulioandikwa ulikuwa futi 5 na inchi 2, na maelezo yake ni kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi. Akakaa Cleveland akijifunza Kiingereza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, kilichocheza daraja la pili la vyuo.

Hapo Bridgeport pana jambo ambalo wengi hulisahau. Msimu wa 1984–85 Manute alikuwa mfungaji. Wastani wake ulikuwa pointi 22.5 kwa mechi, ribaundi 13.5 na mitupo 7.1 aliyozuia. Mbele ya vijana wa daraja la pili alifunga kama anayetundika kofia ukutani. Kama pointi zingekuwa kipimo cha kweli cha mchezaji popote anapokwenda, basi NBA ingempokea mfungaji wa pointi 22. Iliyempokea haikumpata mfungaji huyo. Pointi zile zilitokana na udogo wa wapinzani, na soko lilipobadilika zikayeyuka. Kilichobaki nacho ni ule mkono mrefu wa kuzuia.

Washington Bullets walimchukua mwaka 1985 akiwa wa 31 katika uchaguzi wa wachezaji wapya. Msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 3.7 tu, lakini alizuia mitupo 397, karibu mitano kila mechi. Aliongoza ligi nzima, akaweka rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza, na akatajwa katika kikosi cha pili cha walinzi bora. Katika historia yote ya NBA, ni Mark Eaton wa Utah peke yake, na mitupo yake 456 ya msimu uliotangulia, aliyezuia mingi zaidi katika msimu mmoja.

Tufanye hesabu ya dukani. Miaka ile, katika kila mitupo 100 ya kawaida, karibu 49 iliingia. Mitupo mitano iliyozuiwa, kama ingeachwa ipite, ingezaa pointi tano hivi. Jumlisha na zile 3.7 alizofunga, unapata mtu wa pointi nane au tisa. Hapo shabiki wa wafungaji atacheka: tisa ni nini mbele ya thelathini?

Lakini daftari hilo lina ukurasa uliokosekana. Mshambuliaji aliyekimbia kuelekea kikapuni akamwona Manute amesimama, akageuka na kurudisha mpira nje, hakuandikwa popote. Aliyerusha kwa haraka na juu kupita kiasi ili mpira uvuke vidole vile, akakosa, aliandikiwa kosa lake mwenyewe, na Manute hakuandikiwa kitu. Mlinzi mwenzake aliyethubutu kumsogelea mshambuliaji kwa karibu mno, kwa kuwa alijua nyuma yake kuna ukuta, akapora mpira, sifa ilikwenda kwake. Ni kama mlinzi wa ghala. Huwezi kuhesabu magunia ambayo hayakuibwa. Utajua thamani yake wiki atakayokuwa mgonjwa.

Upande wa wafungaji nao tuutazame kwa macho hayo hayo. Jina linalotajwa kwanza siku zote ni Wilt Chamberlain. Machi 2, 1962, katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, Chamberlain alifunga pointi 100 peke yake, timu yake ya Philadelphia ikiishinda New York 169 kwa 147. Msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 50.4 kwa mechi, na hakuna aliyewahi kuukaribia. Ubingwa ulikwenda wapi? Boston waliwatoa Philadelphia katika fainali ya kanda ya mashariki, mechi nne kwa tatu, wakiwa na Bill Russell katikati. Russell alimaliza maisha yake ya mchezo na wastani wa pointi 15 tu, na mataji 11 katika misimu 13. Chamberlain alipata mataji mawili. La kwanza lilikuja mwaka 1967, msimu ambao wastani wake ulishuka hadi pointi 24.1 huku akiwagawia wenzake mipira. Timu ilishinda mechi 68 na kupoteza 13.

Tusimwonee Chamberlain. Timu ya 1967 ilikuwa na wachezaji wazuri kuliko ile ya 1962, na usiku ule wa Hershey aliingiza mitupo 36 kati ya 63, ufanisi ambao wafungaji wengi wa leo wangeutamani. Hoja si kwamba kufunga ni kubaya. Pointi ni mauzo, na mauzo peke yake hayamwambii mtu kama biashara inaishi. Lazima ujue bidhaa ilinunuliwa kwa bei gani: mitupo mingapi ilitumika, wenzake walibaki na mingapi, na upande wa pili wa uwanja ulibaki wazi kiasi gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa timu nzima. Msimu wa 1990–91 Denver Nuggets waliamua kukimbia na kurusha mpira kila baada ya sekunde chache. Walifunga wastani wa pointi 119.9, wa juu kuliko timu zote za NBA mwaka ule. Wakafungwa wastani wa 130.8. Walishinda mechi 20 na kupoteza 62, rekodi mbaya kuliko timu zote. Duka lililouza kuliko maduka yote ya mtaa ndilo lililofunga mlango na hasara kubwa.

Hata hivyo wanaompinga Manute wana hoja, na mimi naona si ndogo. Kikapu huchezwa pande mbili. Timu yake iliposhambulia, mlinzi wa mpinzani hakuwa na sababu ya kumhofia. Alikuwa mwembamba, alisukumwa kwa urahisi, na mikono yake haikuwa mizuri ya kudaka pasi za haraka. Ilikuwa karibu wanne dhidi ya watano. Ndiyo maana katika maisha yake yote ya NBA alicheza wastani wa dakika 18.7 tu kati ya 48. Makocha walimtumia kama pilipili, kwa kiasi. Tena mtupo uliozuiwa una aina mbili. Russell alisifika kwa kuuzuia mpira kwa upole ukabaki ndani ya uwanja, wenzake wakauchukua na kukimbia nao. Anayeupiga ukaruka hadi kwa mashabiki amezuia kikapu, lakini mpira bado ni wa mpinzani.

Washington walimpa Manute pia mwenza wa kushangaza. Msimu wa 1987–88 alicheza na Muggsy Bogues, mwenye urefu wa mita 1.60. Wawili hao, mrefu na mfupi kuliko wote ligini, walitofautiana kwa sentimita 71. Picha zao ziliuzwa sana. Timu haikufika mbali.

Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors kwa kocha Don Nelson, na huyu ndiye aliyelishughulikia lile tatizo la wanne dhidi ya watano. Sheria za NBA za wakati huo hazikumruhusu mlinzi kusimama tu chini ya kikapu bila mtu wa kumkaba. Nelson akamweka Manute mbali kabisa, nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mlinzi mrefu wa upinzani akalazimika kumfuata huko, na njia ya kikapuni ikabaki wazi kwa akina Chris Mullin na Mitch Richmond. Kisha Nelson akamruhusu arushe. Mpira ulitoka nyuma ya kichwa kama anayetupa jiwe kufukuza kunguru, na uwanja mzima ukasimama. Msimu ule alirusha mara 91 kutoka mbali na kuingiza 20. Si nyingi, lakini zilitosha kumfanya mlinzi asijue la kufanya.

Msimu huo huo aliongoza tena ligi kwa kuzuia, mitupo 345. Warriors, walioshinda mechi 20 tu mwaka uliotangulia, walishinda 43, na katika mchujo wakawatoa Utah mechi tatu kwa sifuri. Je, ni Manute? Atakayesema hivyo anamdhulumu Mullin, aliyefunga wastani wa pointi 26.5, na Richmond, aliyefunga 22 katika mwaka wake wa kwanza. Atakayesema ni Mullin na Richmond peke yao ajiulize walipata wapi ujasiri wa kukimbilia mbele bila kutazama nyuma. Chomboni mmoja hushika usukani na mwingine hukumba maji. Nahodha anayejua kazi hampi mmoja sifa zote, na hamshushi mwingine pwani.

Kutoka hapo alikwenda Philadelphia 76ers mwaka 1990. Usiku wa Machi 3, 1993, dhidi ya Phoenix, aliingiza mitupo sita ya pointi tatu katika kipindi cha pili kimoja, na mashabiki wa Philadelphia bado wanaukumbuka. Baada ya hapo mwili ulianza kuchoka. Alipita Miami, akarudi Washington na Philadelphia kwa mechi chache, na mechi zake tano za mwisho akazicheza Golden State msimu wa 1994–95.

Fedha aliyoichuma haikukaa. Vita ya Sudan ilikuwa imeanza upya mwaka 1983, mwaka ule ule ambao NBA ilimkataa, na ukoo wake ulikuwa katikati ya moto. Manute alilipia wakimbizi chakula na nauli, alitembelea kambi zao, aliwaeleza wanasiasa wa Washington yanayotokea, na aliisaidia harakati ya ukombozi ya SPLA. Inakadiriwa kwamba alitoa kiasi cha dola milioni 3.5. Wakati watu wa visiwa vya Bajuni wanakimbilia Lamu na Mombasa kuanzia mwaka 1991, vita ilipoibomoa Somalia, Mdinka huyu alikuwa akimalizia akiba yake kwa watu waliokimbia kama wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Khartoum, amefilisika. Serikali ilikuwa imemwahidi wadhifa wa kusimamia michezo, kisha sharti likatoka kwamba asilimu kwanza. Alikuwa Mkristo, akakataa. Wadhifa ukapotea, na kutoka nchini kukawa kugumu kwa sababu wakubwa walimshuku. Hatimaye alifika Cairo, na mwaka 2002 Marekani ikampokea kama mkimbizi. Mtu aliyewahi kujaza viwanja vya Philadelphia akarudi kwa njia ile ile ya foleni na makaratasi.

Kabla ya hapo, huko huko Misri, aliwahi kuwafundisha kikapu watoto wa familia ya Deng, Wadinka wenzake waliokuwa ukimbizini huko. Mmoja wao, Luol, alikuja kucheza NBA miaka mingi na kuwa nyota wa Chicago.

Marekani ilimpa kazi za ajabu. Mwaka 2002 alipigana ngumi mbele ya kamera za televisheni na William Perry, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, akashinda. Akasajiliwa kwa siku moja na timu ya hoki ya barafuni ya Indianapolis, ingawa hakujua kuteleza juu ya barafu. Akavaa nguo za mpanda farasi wa mashindano. Watu walicheka, na alijua wanacheka. Alisema wazi kwamba fedha ni za Wasudani waliokimbia makwao, na aliona aibu hiyo ni bei nafuu. Kwa maoni yangu hizo ndizo pointi alizofunga kwa shida kuliko zote.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali Connecticut na shingo yake ikavunjika. Alipona polepole. Miaka yake ya mwisho aliishi Kansas na kufanya kazi na shirika la Sudan Sunrise kujenga shule nyumbani kwao Turalei, mradi uliowaleta pamoja Waislamu kutoka Darfur na Wakristo wa kusini, watu ambao vita ilikuwa imewafundisha kuchukiana. Ndugu zake wengi walikuwa wameuawa katika vita hiyo.

Alikwenda Sudan Kusini kuusukuma mradi huo, akaombwa abaki zaidi kwa ajili ya uchaguzi wa Aprili 2010. Huko aliugua, na dawa aliyopewa ikamletea maradhi makali ya ngozi yanayoitwa Stevens-Johnson. Figo nazo zikafeli. Alifariki Juni 19, 2010, katika hospitali ya Charlottesville, jimbo la Virginia, akiwa na miaka 47 kwa hesabu ya nyaraka. Ibada yake ilifanyika katika kanisa kuu la taifa mjini Washington, kisha mwili ukarudishwa Turalei. Mwaka uliofuata, Julai 9, nchi aliyoitolea mali yake ikawa huru.

Luol Deng sasa ndiye rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Julai 20, 2024, timu yake ilikutana na Marekani mjini London na kushindwa kwa pointi moja, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika Olimpiki ya Paris, iliishinda Puerto Rico 90 kwa 79.

Katika kikosi hicho alikuwemo Khaman Maluach, kijana wa miaka 17 mwenye urefu wa mita 2.18, aliyezaliwa Rumbek na kukulia Uganda, ambako ndiko alikoshika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza. Msimu mmoja baadaye, katika Chuo Kikuu cha Duke, alifunga wastani wa pointi 8.6 tu. Juni 2025 NBA ilipochagua wachezaji wapya, hakungoja hadi nafasi ya 31 kama Manute. Aliitwa wa kumi.